Mkono Juu

Yule namba sita nilikuwa nimeshamwandika tangu kipindi cha kwanza. Alimwingia mtu kwa papara, bila kujali kama atamuumiza, na hiyo ni njano. Rafu ya uzembe huishia kwenye filimbi tu. Ya nguvu kupita kiasi ni nyekundu, hakuna mjadala. Mpaka hapo nilikuwa najiona refa.

Dakika kama ya 70 akamwingia tena kwa papara winga aliyekuwa anachomoka katikati ya uwanja. Njano ya pili, wazi kabisa. Filimbi ilikuwa mdomoni tayari. Ila mpira ukamdondokea mshambuliaji mwenzake, mbele yake mabeki wawili, nami nikanyoosha mikono yote miwili: twende! Niliipenda sana ishara ile. Humfanya refa aonekane anaujua mpira.

Sasa, Sheria ya 12 inakataza kuachia mchezo kwa mtu anayestahili njano ya pili, isipokuwa pana nafasi ya wazi ya kufunga. Mabeki wawili si nafasi ya wazi. Kifungu hicho nilikuwa nimekihifadhi neno kwa neno, kikanijia nikiwa nakimbia, mikono haijashuka bado.

Mshambuliaji akawapiga chenga wote wawili. Nikashusha pumzi. Anainua mguu apige, huyo namba sita! Sijui alikimbiaje. Akateleza, akauondoa mpira bila kumgusa mtu hata unyoya. Hakuna beki aliyecheza vizuri zaidi siku ile.

Nikapuliza.

Mtu aliyekwisha kustahili kutolewa akiugusa mpira kabla haujatoka, refa husimamisha mchezo palepale. Nikamwonyesha njano, nikamwonyesha nyekundu, kisha nikainua mkono: frikiki isiyo ya moja kwa moja, ndani ya kumi na nane. Mabeki wakanizingira, "Refa, kacheza mpira!" Kweli, kaucheza, na ndilo kosa lenyewe. Washambuliaji nao, "Penalti!" Penalti ya nini, wakati rafu ilichezwa katikati ya uwanja? Nikasimama na mkono juu kama mwanafunzi anayelijua jibu peke yake darasani.

Ukuta ukarudi mita 9.15, shingo upande. Mpigaji akaukita moja kwa moja hadi wavuni. Watu wakalipuka, wakakumbatiana. Mkono wangu bado uko juu. Hakuna mwingine aliyeugusa mpira njiani, kwa hiyo goli kiki. Nahodha wao akaja akanitazama kwa muda mrefu, asiseme neno. Afadhali angenitukana, ningekuwa na kadi ya kumpa.

Baada ya mechi mtathmini wa waamuzi alinikuta nafungua kamba za viatu. Daftari lake alikuwa ameshalifunga.

"Ule mkono mmoja ulikuwa sahihi," akasema. "Niambie kuhusu ile miwili."