Nilivyochagua chuo cha stashahada ya ufundi magari

Anayeanzia kidato cha nne hapa Tanzania huchukua miaka mitatu kumaliza stashahada ya ufundi magari: NTA (mfumo wa ngazi za tuzo za elimu ya ufundi) ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Miaka mitatu ni mingi mno kuimaliza ukitazama mtu mwingine akifungua injini. Ndiyo maana swali nililolipa uzito kuliko yote lilikuwa hili: kwa wiki moja, mwanafunzi mmoja anashika spana kwenye injini inayowaka kwa saa ngapi? Ada, jina la chuo na umbali kutoka nyumbani nilivipima baada ya kupata jibu hilo.

Kwanza nilitenganisha njia mbili ambazo watu huzichanganya. Vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutoa NVA (tuzo ya taifa ya ufundi stadi) ngazi ya 1 hadi 3, na lengo lake ni fundi wa kushika kazi mapema. Njia ya NTA humtoa fundi sanifu, na mwenye stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya angalau 3.0 anaweza kuomba shahada kwenye chuo kikuu. Kijana anayetaka gereji yake haraka hapotezi chochote kwa kuanzia VETA. Na fundi aliyejifunzia mtaani miaka mingi aulize VETA kuhusu utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kwa sababu anaweza kupimwa na kupewa cheti bila kuanza darasa la mwanzo. Mimi nilitaka mlango wa shahada ubaki wazi, nikafuata NTA.

Kwa ngazi ya 4 vyuo huomba angalau alama nne za D kwenye mtihani wa kidato cha nne, na kwa fani hii hudai fizikia na hisabati ziwemo. Soma masharti ya programu yenyewe, maana ufundi magari, ufundi mitambo kwa jumla na mitambo mizito ni programu tofauti hata ndani ya chuo kimoja. Chuo cha Ufundi Arusha, kwa mfano, kina ya magari na kina ya mitambo mizito. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, kimejikita kwenye usafirishaji. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina ufundi mitambo mpana, na pia ina kituo cha kufunga mifumo ya gesi kwenye magari.

Halafu ithibati. Usajili wa chuo ni jambo moja na ithibati ya programu ni jambo jingine. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, huku programu ya magari ikiwa imeruhusiwa kufundishwa hadi ngazi ya 5 tu. Niliangalia kwenye orodha ya NACTVET yenyewe, si kwenye bango la chuo, nikatazama jina kamili la programu na ngazi yake. Swali la pili lilikuwa AVN, namba ya uthibitisho wa tuzo, ambayo mwenye stashahada huihitaji anapoomba shahada. Namba hiyo hutoka pale matokeo yako yanapokuwa yamewasilishwa NACTVET na chuo chako. Chuo kinachochelewesha matokeo kinamfungia mhitimu dirisha la udahili la mwaka mzima. Jibu la hili hulipati ofisini. Waulize waliomaliza mwaka uliopita kama walipata AVN kabla dirisha halijafungwa.

Sasa karakana, na hapa ndipo nilipokaa zaidi. Nenda katikati ya muhula, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Siku ya maonyesho kila kitu kinang'aa. Chukua idadi ya wanafunzi wa kundi moja, gawanya kwa idadi ya injini zinazowaka, kisha linganisha na saa za vitendo kwenye ratiba. Wanafunzi 40 kwa injini 4 ni watu 10 kila injini, na katika watu 10 wanaoshika kazi kwa wakati mmoja ni wawili au watatu. Kama ratiba ina saa 12 za vitendo kwa wiki, fungu la mtu mmoja ni kama saa 3. Kwangu kundi la watu watano kwa injini ndilo lilikuwa kikomo.

Nimesema injini zinazowaka kwa makusudi. Karakana nyingi zina injini zilizofungwa kwenye stendi ambazo zimefunguliwa na kufungwa kwa miaka bila kuwashwa hata mara moja. Nyuzi za bolti zimelika, gasketi ni ileile, na sensa zimeng'olewa. Mwanafunzi anajifunza mahali kifaa kinapokaa, lakini hajui kama alichofunga kimefungwa sawa, kwa sababu hakuna joto wala mgandamizo wa kukipima. Chukua silinda hedi ya injini ya 1NZ-FE, ileile inayokaa kwenye Toyota IST nyingi za mjini. Bolti zake hukazwa kwa hatua: kwanza nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo, kisha unazungusha bolti kwa pembe ya nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Ukikaza kwa kukisia, injini itawaka vizuri siku ya kwanza, na baada ya kupata moto mara kadhaa itaanza kula maji ya rejeta. Somo hilo haliji kwenye injini isiyowaka.

Kwa hiyo niliomba kuona vitu vichache na kuuliza lini vilitumika mara ya mwisho: spana ya kupimia ukazaji, fila geji (ya kupimia nafasi nyembamba), maikromita, kipimo cha kompresheni na kipimo cha presha ya mafuta. Kwa injini hiyohiyo, nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa. Hairekebishwi kwa skrubu, bali kwa kubadilisha vikombe vya valvu vyenye unene tofauti, na unene huo unapimwa kwa maikromita. Mkufunzi aliyenieleza hivyo bila kufungua kitabu alinipa imani kuliko jengo lolote jipya. Vifaa vilivyo kwenye kabati la kioo lililofungwa, na ufunguo haujulikani nani anao, nilivihesabu kama havipo.

Upande wa umeme nilitaka kujua wanafundisha kupima au wanafundisha kubadilisha. Betri iliyopumzika na iliyojaa husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka chaji inakaa takribani 13.8 hadi 14.5. Hayo kila chuo hukwambia. Uliza kama wanafunzi hupima upotevu wa volti kwenye waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri) wakati stata inazunguka. Usomaji ukipita nusu volti, waya au kiungio kina kutu, na fundi asiyejua kipimo hicho atauza stata mpya kwa mteja ambaye tatizo lake ni bolti moja chafu.

Mashine ya kupimia gari nayo ni hivyohivyo. Kusoma kodi P0171 (mafuta ni machache kuliko hewa) hata mwenye duka la spea anaweza. Nilichotafuta ni kama wanasoma takwimu gari likiwa linaunguruma. Marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kompyuta ya injini inaongeza au kupunguza) yakiwa juu sana gari likiwa sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, kisha yakarudi karibu na kawaida kwenye mizunguko 2,500, hewa inaingia mahali pasipotakiwa baada ya sensa ya hewa. Yakizidi kupanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, tazama pampu, chujio la mafuta au sensa yenyewe. Kama kundi zima lina mashine moja na mkufunzi ndiye anayeishika, somo hilo halipo, hata kama limeandikwa kwenye mtaala.

Magari ya mseto (yenye injini na mota ya umeme) na ya gesi sasa yapo barabarani kwa wingi, na usalama wake hauna mjadala. Betri ya Toyota Prius ya kizazi cha pili ina volti zaidi ya 200. Kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme huo mkubwa, unavaa glavu za mpira za kiwango cha volti 1,000, unazikagua kwa kuzijaza hewa, unachomoa plagi ya huduma inayokata umeme wa betri hiyo, na unasubiri dakika zisizopungua 10 ili kapasita zimalize chaji. Mtungi wa gesi asilia nao hujazwa hadi karibu bar 200. Chuo kinachofundisha mseto bila glavu hizo kitakuletea msiba.

Gharama niliomba kwa maandishi, kila mstari peke yake: ada, mitihani, overoli, buti zenye chuma, vifaa binafsi, na fedha za mafunzo ya vitendo kazini. Hilo la mwisho lina uzito. Uliza nani anatafuta nafasi ya fildi, chuo au mwanafunzi. Mkufunzi anakuja kukagua mara ngapi. Na bima ni ya nani. Penye jibu la "utajitafutia", wanafunzi wengi huishia gereji inayowatuma kununua chai na kuosha vipuri kwa petroli.

Mwisho nilibaki na vyuo viwili. Kimoja kilikuwa na majengo bora na chumba cha kompyuta, lakini kundi lilikuwa kubwa mara mbili. Kingine hakikuwa na gari la mseto hata moja, ila injini zake zilikuwa zinawaka, mafuta ya mazoezi yalikuwa kwenye bajeti ya idara, na mkuu wa karakana alijua kila kifaa kilipo. Nilichukua hicho cha pili, na fildi ya mwaka wa pili nikaipeleka kwenye gereji inayotengeneza Prius na Aqua.