Nilimwona kongoti mgongo

Mjomba wangu ni fundi seremala pale Sumbawanga. Ana zaidi ya miaka arobaini kwenye randa na patasi, na alikuwa hajawahi kuyaona maporomoko ya Kalambo. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Hakuna aliyeniita kwenda kutengeneza dirisha kule." Basi Jumamosi nikamwita mimi.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, yeye kajitanda shuka juu ya koti. Asiyeijua Sumbawanga ya Juni akisikia baridi hudhani watu wanadeka. Hadi Matai ni lami, hakuna la kusimulia ila mahindi yaliyokaukia shambani yakingoja kuvunwa. Tulipoiacha lami kuelekea Kapozwa ndipo pancha ikatupata, na jeki nayo ikagoma. Vijana wawili wa baiskeli walitunyanyulia gari kwa gogo. Yapite hayo.

Nilitarajia ngurumo, sikuikuta. Ukiwa juu, mto Kalambo unapita juu ya mwamba kimyakimya kama mto wowote wa kuvuka na suruali umeikunja, halafu ghafla haupo. Maji yanadondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, na kabla hayajafika chini yameshageuka moshi. Sauti ipo, ila inatoka mbali, kama mashine ya kusaga ya kijiji cha jirani. Ng'ambo ni Zambia. Mpaka unafuata mto, kwa hiyo maporomoko ni yetu na yao.

Kilichonishika zaidi ni ndege. Kongoti hutaga kwenye kingo za genge lile, na mmoja aliruka chini ya miguu yetu, akaelea taratibu juu ya bonde. Maisha yangu yote nimemjua ndege arukaye kwa tumbo lake. Huyu nilimwona mgongo: mabawa meusi yametandazwa kama mkeka, kipara chake kimeelekea mbele, na chini yake hakuna kitu ila hewa. Magoti yalilegea, nikashika nyasi. Mjomba akacheka.

Kicheko kilimwisha kwenye ngazi za kushukia. Alizihesabu kwa sauti kama anayepima mbao, zilipofika mia mbili na kitu akakaa. Tukakaa wote. Hapo nikamsimulia habari niliyoihifadhi kwa ajili yake: kwamba mwaka 2019 waakiolojia walifukua, upande wa Zambia juu kidogo ya maporomoko haya, magogo mawili yaliyopishanishwa, la juu likiwa limechongwa pengo ili likae juu ya la chini bila kuteleza. Matokeo yalitangazwa 2023: umri wake ni miaka 476,000 hivi. Walioyachonga hawakuwa hata binadamu wa aina yetu, maana sisi bado hatujaonekana duniani.

Akanyamaza. "Chuma hakikuwepo?"

"Mawe tu, mjomba."

"Na hayakuoza?"

Nikamwambia yalikuwa yamezama kwenye tope lenye maji muda wote. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa swali rahisi. "Hapo sawa. Mti unaozeshwa na kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Ukizama moja kwa moja unadumu." Kisha akaanza kuchora pengo lile kwa kidole juu ya goti lake, akalifuta, akalichora tena.

Kutoka pale tukaenda Kasanga. Uwanda wa Ufipa unakatika na barabara inashuka kulifuata Ziwa Tanganyika. Kona baada ya kona joto linapanda, shuka likatoka, koti likatoka. Kando ya ziwa kuna sehemu jabali linaingia majini wima, halina ufukwe wala nafasi ya kuweka mguu, na unajua kwamba chini linaendelea hivyohivyo. Penye kina kirefu zaidi ziwa hili lina mita 1,470 hivi. Wajerumani waliipenda rasi hii, wakajenga boma na kuuita mji Bismarckburg, jina ambalo sijasikia mtu wa huku akilitamani. Mjomba alinionyesha alikopandia Liemba akiwa kijana kwenda Mpulungu, ile meli waliyoizamisha Wajerumani wenyewe 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini 1927.

Nikaenda kutafuta migebuka ya kuchoma. Niliporudi sikumkuta nilipomwacha. Alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa mtumbwi wa mbao uliopandishwa mchangani, anapitisha kidole gumba kwenye maungio, pole pole, ubao mmoja hadi mwingine, na mwenye mtumbwi amesimama pembeni kwa wasiwasi.

"Huyu anajua," akaniambia, bila kugeuka.

Tulifika nyumbani saa nne usiku. Gari mpaka leo linanuka migebuka.