Cheti cha babu cha enzi za Himaya

Ilikuwa 2012, nshatimiza miaka 18, nataka kitambulisho ili Machi 2013 nipige kura. Wenzangu wa shule ambao wazazi wao ni wa bara walipeleka cheti cha kuzaliwa na kopi za vitambulisho vya wazazi, basi, wakamaliza. Mimi kwa jina langu na uso wangu nikaambiwa kuna veting, yaani kuhojiwa nithibitishe kama ni Mkenya kweli, nilete na karatasi za babu mzaa baba. Nkamwambia babu nipe tu hizo karatasi usijisumbue, akakataa katakata, akavaa kanzu ya Ijumaa na kofia yake ya vito tukapanda matatu.

Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi hadi adhuhuri ikatupita. Karani alikuwa kijana tu, hata salamu hakutoa, akauliza, "Mzee, asili yenu ni wapi haswa?" Babu akasema Kuze, Mji wa Kale wa hapa Mombasa. "Na kabla ya hapo?" Babu akasema kabla ya hapo pia Kuze. Nlihisi moto kifuani, yaani mtu wa miaka 71 anaulizwa hivyo kwenye mji aliozaliwa, na mjukuu wake yuko hapo anatazama.

Akatoa cheti chake kwenye mfuko wa plastiki. Juu kimeandikwa kwa Kizungu, Koloni na Himaya ya Kenya. Karani akauliza himaya ni nini, na hapo babu akaanza kumueleza pole pole kama anayesomesha mtoto chuoni. Kwamba koloni ilikuwa bara, himaya ndio huku kwetu, maili kumi kutoka baharini, Mwingereza aliichukua kwa Sultani wa Zanzibar kwa mkataba wa 1895 na kila mwaka akilipa kodi, ndio maana bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus mpaka 1963. Oktoba mwaka huo wakasaini London, mwambao ukawa Kenya, kwa ahadi kwamba mahakama za kadhi na hati za ardhi zitaheshimiwa.

"Nlikuwa na miaka 22," akasema, "hakuna alokuja kuniuliza mimi nataka nini. Leo wewe waniuliza mimi ni wa wapi."

Foleni yote ikanyamaza. Karani akagonga muhuri bila kuinua macho.

Mwaka huo kuta nyingi zilikuwa zimeandikwa Pwani si Kenya, na Julai mahakama kuu pale Mombasa ilikuwa imeondoa marufuku ya MRC, lile kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, na mimi siku hiyo nlitoka ofisini nikiwa tayari kabisa kuandika maneno hayo kwa mkono wangu. Nkamwambia babu. Akanambia yeye ujana wake alihudhuria mikutano ya kudai Mwambao ujitawale, walishindwa, na tangu hapo hajakosa uchaguzi hata mmoja. Sikumuelewa, nlikuwa na hasira sana. Mpaka leo naona serikali inayomdai mzee ushahidi namna hii ndiyo inayodaiwa, lakini kuta sikuandika.

Kitambulisho kilitoka Novemba. Mwezi huo huo kila mpiga kura alitakiwa ajisajili upya kwa mashine ya vidole, tukaenda pamoja, yeye akatangulia. Vidole vyake vilishalika kwa kazi ya bandarini, mashine ikakataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavifuta kwenye kanzu, akaviweka tena.