Kifuniko kilibaki nje, injini ikaoga oili

Jamani mi nilikuwa najiona mjuaji. Nimeongeza oili vizuri tu, kifuniko nikakiweka kando hapo hapo juu ya injini, simu ikaita, nikaongea weee, nikafunga boneti nikaondoka zangu. Kama dakika 20 hivi naanza kusikia harufu ya kitu kinaungua, nikasema hiyo ni gari ya mbele hiyo. Kusimama kwenye taa naona moshi unachungulia pembeni ya boneti. Yangu.

Kwa wasiojua, tundu la kuongezea oili liko juu kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), na chini yake kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, inazunguka inarusha oili kila upande, kwa hiyo ukiacha wazi injini inajimwagia yenyewe. Ilikuwa imefika kwenye betri, kwenye waya, ukuta wa nyuma wote, hadi boneti kwa ndani inadondosha matone kama paa linalovuja. Na moshi ulikuwa unatoka kwenye manifoldi ya egzosi (mabomba ya kwanza ya kutolea moshi, yanapotokea kwenye injini), oili inadondokea pale inakaangika.

Hapo ndo pa kuogopa, kwingine kote ni uchafu tu. Oili ya injini ikishapita nyuzi 200 na kitu hivi inatoa mvuke unaoshika moto, na manifoldi ya gari iliyotoka kukimbia inapita hapo bila shida. Nikazima, nikasogea pembeni na mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga (maji usithubutu, oili inayowaka ukiimwagia maji inaruka na moto wake). Haikuwaka. Kuchomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, oili iko chini ya alama ya chini, yaani ningeendelea kidogo ningeiua injini kabisa, ikabidi gari ivutwe hadi nyumbani.

Sasa jirani yangu huyo, mbio mbio, kaja na mashine ya presha. Nikamwambia kaka tulia kwanza. Oili yenyewe haipitishi umeme, ikikaa kwenye soketi ya sensa mpaka kesho haina neno, ila ukishapiga maji ya presha mle ndani ya alteneta (ile inayochaji betri) na koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) umejitafutia kesi ya pili na ya kwanza hujaimaliza. Na wale wa kuosha injini kwa petroli sijui mnawaza nini, mvuke wake unasubiri cheche moja tu.

Kwa hiyo nikaacha injini ipoe kabisa, nikatoa terminali ya hasi ya betri, nikaanza kufuta. Kufuta tu, magazeti na matambara, karibu saa nzima sijagusa sabuni wala maji, maana oili ukiiwekea maji kabla hujaikausha unaihamisha tu sehemu nyingine. Kisha nikafunga mifuko ya plastiki kwenye alteneta, boksi la fyuzi na mdomo wa ea klina (kichujio cha hewa), tundu la oili nikaliziba (safari hii nililikumbuka), ndo nikapuliza dawa ya kuondoa grisi, nikaiacha dakika chache bila kuiacha ikauke, nikasugua kwa brashi ya rangi na mswaki wa zamani. Kusuuza ni maji ya taratibu na tambara bichi. Yale maji ya mafuta niliyakinga kwenye beseni, usiyaachie mtaroni.

Mashimo ya plagi watu wanayasahau. Chomoa koili uangalie, mle oili inatuama, injini inaanza kukosa, haichomi vizuri, halafu unabadilisha plagi bure.

Belti nilijaribu kuihurumia nikashindwa. Nimefuta, nimefuta tena, nawasha inapiga kelele kama mbwa kakanyagwa mkia. Mpira wa belti za siku hizi unanywa oili na kuvimba, kwa hiyo unachofuta ni cha juu tu, cha ndani kimeshaingia. Nikanunua mpya, ila kabla ya kuifunga nikasafisha puli zote, la sivyo na mpya nayo unailisha oili siku ya kwanza.

Manifoldi mkono haufiki kote, ile iliyobaki nyuma ya bati la kukinga joto iliendelea kufuka kidogo kidogo siku mbili, naendesha vioo chini mtungi uko karibu, ya tatu ikaisha.

Wiki moja baadae naamka nakuta tone la oili chini ya gari. Nikasema tayari, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) imekwenda, moyo unauma nishaanza kupiga hesabu ya fundi. Nikaingia chini, nikafungua ile plastiki inayokinga injini, ikanimwagikia shati lote, oili kama kikombe kizima ilikuwa imejikalia mle siku zote hizo. Na katikati yake kifuniko changu, kizima kabisa, wakati nimeshanunua kingine.