Nilivyosaka fedha za kufumua mfumo wa mafao wa jimbo letu

Watu wakisikia kuna ofisi ya serikali Marekani bado inatumia programu zilizoandikwa kwa COBOL, lugha ya zamani ya kompyuta, wanadhani hakuna fedha ya kuibadilisha. Fedha zipo. Ila kila fungu lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana masharti yake. Mimi niko kitengo cha bajeti katika idara ya huduma za jamii ya jimbo moja la huko, na kwa miaka kadhaa kazi yangu kubwa imekuwa kuyashawishi mafungu hayo yalipie mfumo mmoja.

Mfumo wenyewe unashughulikia Medicaid, yaani bima ya afya ya wenye kipato kidogo, pamoja na SNAP, ambao ni msaada wa chakula. Familia inayoomba ni ileile, karani ni yuleyule, mara nyingi hata fomu ni moja. Upande wa fedha ni dunia mbili tofauti. Ukijenga mfumo wa kuandikisha watu wa Medicaid, serikali kuu inalirudishia jimbo senti 90 katika kila dola, na mfumo ukishaanza kazi inarudisha hadi senti 75 za uendeshaji. Kwa SNAP mgawanyo tuliouzoea ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo dola ileile ya programu inaweza kuligharimu jimbo senti 10 au senti 50, kutegemea umeiandika kwenye kasma ipi.

Hapo kishawishi ni kuibebesha Medicaid kila kitu. Kuna kipindi jambo hilo liliruhusiwa kwa kiasi fulani: mwaka 2011 serikali kuu ililegeza kanuni, mipango mingine kama SNAP ikaweza kutumia vipande vya pamoja vilivyojengwa kwa fedha za afya bila kuchangia gharama ya kuvijenga. Mlango huo ulifungwa mwisho wa 2018. Waliowahi waliwahi. Sisi ilibidi tugawe gharama kipande kwa kipande.

Nichukue kipande kimoja, maana ndicho kilichotukalisha vikaoni kuliko vyote. Tulitaka mwombaji aipige picha hati yake ya mshahara kwa simu na kuituma, badala ya kuileta ofisini au kuituma kwa faksi (ndiyo, faksi bado ipo). Nani akilipie? Wenzetu wa Medicaid walisema wao kwanza hulinganisha kipato na kumbukumbu za kielektroniki, na hati huombwa pale tu mambo yasipooana, kwa hiyo wanaotuma makaratasi kwa wingi ni wa SNAP. Wa SNAP wakajibu kwamba wateja wa Medicaid ndio wengi, basi wao ndio wabebe. Kila upande ulikuwa na hoja, na wangeweza kubishana hadi mwaka wa fedha uishe.

Nilichofanya ni kwenda kwa makarani wa masijala. Tukachukua sampuli ya hati zilizoingia na kuangalia, moja baada ya nyingine, kila hati ilitumika kuamua nini: chakula, bima au vyote viwili. Kazi ya kuchosha, lakini baada ya hapo hatukuwa tunabishana tena kwa maoni. Tulikuwa na jedwali, na wakaguzi wa serikali kuu wanaheshimu jedwali linaloonyesha limetoka wapi.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini watu wazima waligombania kitufe cha kutuma picha. Tuseme mgawanyo ni 60 kwa 40. Katika kila dola 100, zile 60 za Medicaid serikali kuu inalipia 54, jimbo 6. Zile 40 za SNAP zinakatwa katikati, 20 kwa 20. Jimbo linatoa 26. Geuza mgawanyo uwe 40 kwa 60, jimbo linatoa 34. Kwenye mradi wa mamilioni, tofauti hiyo ni mishahara ya watu.

Andiko la kuomba fedha lazima liidhinishwe kabla hujasaini mkataba na mzabuni. Upande wa afya kanuni inawapa siku 60 za kulipitia. Tulipeleka jedwali lilelile, siku ileile, kwa wizara zote mbili, ili asitokee mmoja akasema mwenzake kaambiwa vingine. Pia tuliwapigia simu mapema. Maofisa wale si wabaya hata kidogo, wanachochukia ni kushtukizwa.

Mchango wa jimbo ndio ulionikunisha kichwa. Wabunge wana kumbukumbu ndefu. Ukitaja mfumo mpya, mtu atakukumbusha healthcare.gov, tovuti ya serikali kuu ya kujipatia bima ya afya, ilivyokwama ilipofunguliwa Oktoba 2013. Ukitaja mfumo wa zamani, mwingine ataleta habari za Aprili 2020, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alipoomba hadharani watu wanaojua COBOL wajitolee kusaidia. Neno uhuishaji, yaani kuufanya mfumo uwe wa kisasa, liliwachosha zamani. Nikaacha kulitumia, nikamwomba mwenyekiti wa kamati ya bajeti aje akae kando ya karani mmoja tu.

Mama mmoja alikuwa amehama nyumba. Karani akafungua ile skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, akaingiza msimbo, akabadilisha anwani. Kisha akaandika namba ya kesi kwenye kikaratasi cha njano, akafungua skrini nyingine na kuanza kuichapa upya.

"Mbona unaandika kwenye karatasi?" mwenyekiti akauliza.

"Mheshimiwa, hizi mbili haziongei. Na hii ya kwanza haikubali kunakili."

Sikuongeza neno. Kamati ilikubali kutoa fedha kwa awamu: kipande cha hati kwanza, kikifanya kazi ndipo kinachofuata. Baadhi ya wenzangu walinuna, walitaka kitita chote kwa mpigo. Mimi nilipenda zaidi hivi. Kitita kikubwa cha mara moja kinavutia mikataba mikubwa, na kinaweza kurudishwa kilikotoka. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 2 za kuimarisha mafao ya kukosa kazi. Mwaka 2023 likafuta bilioni 1. Anayepangia fedha ya namna hiyo ajira za kudumu anacheza kamari.

Nilishikilia pia kwamba baadhi ya wanaoutunza mfumo wawe waajiriwa wa jimbo, si wa mkandarasi peke yake. Utumishi walivuta miguu kuhusu viwango vya mishahara, tukamalizana.

Kisha ikaja sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025. Kuanzia Oktoba 2026 serikali kuu inashusha mchango wake wa uendeshaji wa SNAP kutoka asilimia 50 hadi 25. Rudi kwenye dola zetu 100: zile 40 za SNAP sasa jimbo linabeba 30, kwa hiyo 26 inakuwa 36, na hakuna hata mstari mmoja wa programu uliobadilika. Sheria hiyohiyo inaleta masharti ya kazi kwa baadhi ya watu wazima wa Medicaid kufikia Januari 1, 2027. Hayo nayo yanadai mfumo urekebishwe, ila angalau ujenzi wake unaangukia kwenye ile senti 90.

Tumepanga upya. Malipo ya vipande vyenye sehemu kubwa ya SNAP tumeyasogeza yafanyike kabla ya Oktoba 2026 pale kazi inaporuhusu, na kipande cha masharti ya kazi kimepanda juu ya foleni kwa sababu tarehe yake imewekwa na sheria. Kamati imeuliza dola 10 za ziada katika kila 100 zitatoka wapi. Nimeipelekea jedwali la safu mbili, hesabu ya zamani na ya sasa, na mapendekezo mawili ya mambo ya kusitisha. Wachague wao.