Theluji ya Gongoni

"Baba, hiyo ni theluji?"

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye matatu, tumetoka Malindi tukienda kumwona nyanya yake, na binti yangu amebandika pua kiooni. Nje marundo ya chumvi ya Gongoni yaling'aa juani hadi macho yakauma. Nikamwambia ni chumvi. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimesharudi 2013, kwenye saiba ya Mombasa, meza ya kando ya mlango, intaneti shilingi moja kwa dakika.

Nilikuwa nimetuma maombi 37 kwenye oDesk, tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni, hiyo iliyokuja kuitwa Upwork mwaka 2015. Matangazo mengi yalitaka Wamarekani pekee. Ombi la 38 likakubaliwa: makala ya maneno 500, dola 5, kuhusu kuzoa theluji mlangoni bila kuumia mgongo. Mwisho saa kumi na moja jioni ya New York, yaani saa saba usiku kwetu. Saiba ilifungwa saa nne, kwa hiyo saa yangu ilikuwa hiyo.

Nilisoma kila nilichokipata mtandaoni, nikaandika, nikafuta. Maneno yalikuwa sahihi lakini hayakuwa na mwili ndani yake. Saa mbili na nusu nikatoka nje, nikampigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini usiku huu?"

"Nataka kujua beleshi linavyoshikwa."

Akanyamaza. Nikasikia redio ikipunguzwa sauti. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, sikumbuki mtu nyumbani kwetu kumuuliza jambo la kazi yake, hata mimi. Akaanza taratibu, akichagua maneno.

"Usilijaze. Chumvi ikiwa na maji ni nzito, weupe wake unakudanganya. Mkono mmoja uwe chini, karibu na bati. Kunja magoti, mgongo uache ulivyo. Ukimwaga, geuza miguu, usizungushe kiuno. Na panaposukumika, sukuma, usinyanyue." Akakohoa. "Mimi haya niliyajua mgongo ushakwenda. Wewe umepata kazi ya beleshi?"

Sauti yake ilikuwa na hofu. Kabla sijamjibu, salio likaisha.

Nilikuwa nimeandika yote nyuma ya risiti, nimeiegemeza ukutani. Nikarudi ndani. Kila aliposema chumvi nikaweka theluji. Nilituma zikiwa zimebaki dakika sita saiba ifungwe.

Kesho yake mteja akaniandikia: inaonekana wazi kazi hii umeifanya miaka mingi. Nilikaa na ujumbe huo muda mrefu. Nikajibu asante, basi. Akanipa makala nyingine kumi na moja, na kodi ya chumba ikalipika. Ile ya kwanza ilitoka kwa jina lake, ndivyo tulivyokubaliana.

Baba nilimweleza baadaye kwamba kazi yangu ni ya kuandika, akashusha pumzi. Kwamba maneno yake yameuzwa, na juu yake kuna jina la mtu asiyemjua, sikumwambia. Ameshafariki. Mpaka leo sijui kama nilichokiuza kilikuwa changu.

Matatu ilipoyapita marundo, binti yangu akauliza kama theluji ni nzito.

"Ikilowa, nzito sana," nikamwambia. "Beleshi halijazwi."