Kumbukumbu ya mradi: mstari wa 87 na mstari wa 412 ni karatasi moja

Usiku wa kuamkia leo nimekipata nilichokuwa nakisaka tangu Januari. Mstari wa 87 na mstari wa 412 kwenye jedwali langu la michoro iliyouzwa mnadani ni mchoro mmoja, karatasi ileile. Imepita mnadani mara mbili, kwa majina mawili, vipimo viwili na bei mbili zisizofanana hata kidogo, na mimi muda wote nimeihesabu kama michoro miwili ya watu wawili.

Bado nafuatilia mauzo ya mchoraji mmoja tu wa rangi za maji, David Cox. Alizaliwa 1783 Deritend, hapahapa Birmingham ninapoishi, akafia Harborne 1859, na kazi zake ndogo bado mtu wa mshahara anaweza kuzigusa. Ndiyo maana nataka kujua kila karatasi yake inakopita. Mchoro ukirudi sokoni baada ya miaka kumi, hapo ndipo unapojua bei imepanda au imeshuka kweli. Wastani wa mwaka haukuambii kitu: mwaka huu inauzwa michoro mizuri mitano, mwakani inatoka mibovu ishirini. Mradi wote umesimama juu ya swali moja tu: je, huu ni uleule?

Swali hilo limenitesa.

Kichwa cha mchoro hakisaidii. Mara nyingi hutungwa na anayeandika katalogi, hivyo wasafiri watatu na farasi kwenye upepo leo wataitwa "Kuelekea sokoni", kesho "Njia ya nyikani", keshokutwa "Mvua inakuja". Jina la mchoraji nalo lina mitego yake. Cox alikuwa na mtoto, naye David Cox (1809–1885), naye mchoraji wa rangi za maji. Halafu kuna ile ngazi ya katalogi tunayoijua sote: jina kamili, kisha "inadhaniwa ni yake", kisha "mtu wa karibu naye", "mfuasi wake", "kwa mtindo wake", mpaka "nakala ya kazi yake". Karatasi inaweza kushuka ngazi hiyo kati ya mnada na mnada bila unywele mmoja wa brashi kubadilika.

Nikakimbilia vipimo, nikidhani namba hazidanganyi. Mmoja anapima karatasi nzima, mwingine anapima kile tu kinachoonekana ndani ya kadibodi ya fremu, na wachache sana wanasema wamepima kipi. Sentimita moja inapotea hivihivi kila upande. Nikaruhusu tofauti ya milimita 15, nikapata jozi 63 za michoro "inayofanana". Nilizipitia zote kwa macho, jioni nne mfululizo. Hakuna hata jozi moja iliyokuwa kweli. Na programu ya jedwali niliyoanza nayo ilinigeuzia vipimo kuwa tarehe: naandika 7/10 kwa maana ya inchi 7 kwa 10, yenyewe inaweka tarehe 7 Oktoba. Niliposhtuka, mistari kama mia ilikuwa imeharibika. Nimehamia SQLite, programu ya hifadhidata, na sirudi nyuma. Kule nilichoandika kinabaki nilivyokiandika, na kwa kazi yetu hilo ndilo la kwanza, hayo mengine ni mapambo.

Bei sitaikalia sana, wenzangu mnaijua adha yake. Chanzo kimoja kinatoa bei ya nyundo, yaani ile iliyotajwa nyundo ya mnada ilipogonga, kingine kimeshajumlisha ada ya mnunuzi, ambayo hapa Uingereza mara nyingi ni robo ya bei au zaidi, na kodi juu ya ada. Katalogi za zamani zina gini, fedha ya kale iliyo sawa na pauni 1.05, kwa hiyo unazidisha kwa 1.05. Hata mchoro mashuhuri una namba mbili: Blue Rigi, mchoro wa rangi za maji wa Turner, uliuzwa kwenye mnada wa Christie's mwaka 2006 kwa pauni milioni 5.8, kibali cha kuutoa nchini kikazuiwa kwa muda, na mwaka uliofuata jumba la sanaa la Tate likaupata kwa pauni milioni 4.95. Zote mbili ni sahihi. Andika zote mbili, na useme ipi ni ipi.

Sasa nirudi kwenye karatasi yangu.

Mwaka 1836 hivi Cox aliangukia kwenye karatasi nzito ya kufungia mizigo, iliyotengenezwa Uskoti. Ni ya kukwaruza, inanywa maji haraka, na ndani yake mna punje na nyuzi nyeusi. Husimuliwa kwamba alipoulizwa anafanyaje punje zikiangukia angani, alisema huzitia mabawa zikawa ndege. Kisa hicho nimekisoma mara nyingi, na nilikuwa nakipenda kama kisa tu. Juzi nikiwa kwenye basi ndipo kiliponigonga: punje hazihami. Ziliingia kwenye karatasi kiwandani, kabla Cox hajaigusa, na hakuna karatasi mbili zenye punje mahali pamoja. Ni alama za vidole!

Nikafungua GIMP, programu ya kuhariri picha, nikaweka picha mbili za katalogi, ya mstari wa 87 na ya mstari wa 412, tabaka juu ya tabaka, ya juu nikaiweka kwenye hali ya tofauti, ambapo panapolingana panakuwa peusi. Ikawa vurugu tupu. Picha ya mstari wa 87 ni ndogo, imepigwa kwa upande na chini ya taa ya njano. Nilizinyoosha kwa kulinganisha pembe nne, kumbe pembe ndizo hasa zinazofichwa na kadibodi. Saa mbili zikapotea hapo. Nikaachana na pembe, nikashikilia vitu vilivyochorwa: ncha ya kofia ya mwanamke, mkia wa farasi, jiwe la kulia, mwisho wa uzio. Nikavuta polepole, na anga ikaanza kuzama kwenye giza.

Juu ya farasi, kushoto, kuna punje saba zilizokusanyika kama Kilimia. Zote saba zilikaa juu ya zile za picha ya pili. Nikashuka kwenye nyasi, nikapata nyuzi mbili, nazo zikakaa. Nilisimama kutoka kwenye kiti.

Angalizo kwa atakayejaribu: msitumie madoa ya kahawia ya unyevu. Huongezeka kwa miaka, na fundi wa kukarabati michoro anaweza kuyasafisha. Punje tu.

Mstari wa 87 uliuzwa kwa jina kamili la Cox, nyundo pauni 1,900. Mstari wa 412, miaka kumi na moja baadaye, "mfuasi wa David Cox", pauni 260. Siwezi kuamua kwa picha nani yuko sahihi, lakini inaniuma kufikiri kwamba huenda mtu ameuza karatasi hii bila kujua ilikuwa imebeba jina gani. Nimeongeza safu mpya, namba ya karatasi, inayosimama peke yake bila kumtegemea mchoraji wala kichwa.

Wiki hii nilipanga kuingiza mauzo ya gini. Sitayaingiza, kwa sababu ya anga. Punje zilizama kwenye weusi lakini mawingu yalibaki na ukungu mwekundu. Nilidhani ni taa. Ila Jumamosi, kwenye maonyesho ya kabla ya mnada, mhudumu alinitolea mchoro mwingine kwenye kadibodi. Pembeni, palipofichwa, pana utepe mwembamba kama ukucha, wa kijivu kinachoelekea buluu. Sentimita moja ndani, wingu lilelile ni waridi. Ni nili hiyo, ile rangi ya buluu: waliichanganya na nyekundu kupata kijivu cha mvua, mwanga ukala nili, nyekundu ikabaki. Wanasayansi Russell na Abney waliandika juu ya jambo hili, mwanga kufifisha rangi za maji, kwenye ripoti yao ya 1888. Nimetazama utepe ule mpaka mhudumu akakohoa.

Nataka sasa kila mstari uwe na rangi ya anga, na uwe nayo tena mchoro ukirudi mnadani. Picha za katalogi haziaminiki kwa rangi, kwa hiyo nabeba kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi na kupiga picha mwenyewe. Nimeshapata tatu. Ya nne inauzwa Alhamisi asubuhi. Nitakuwa mlangoni kabla hawajafungua.